Ustadh anakataza, mgombea anakataza, na mtoto ana miezi tisa

SWALI: "Assalaamu alaykum daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Langoni, Lamu. Kitinda mimba wangu amefikisha miezi tisa wiki iliyopita na kadi ya kliniki inasema ni wakati wa chanjo ya surua. Mume wangu amekataa. Ustadh mmoja alisema kwenye darsa baada ya Isha kwamba ndani ya chanjo mna mafuta ya nguruwe, na kwamba kinga ya Muislamu ni dua. Siku mbili baadaye mgombea wa kiti akasimama uwanjani akasema chanjo za bure ni mpango wa kupunguza uzazi wa watu wa pwani, na kwamba hata maaskofu walishathibitisha. Sasa nasikia surua imeingia Pate, na Maulidi yako karibu, wageni watajaa. Ndugu zake wawili walichanjwa zamani na hawana neno. Naogopa kumkosea Mungu, naogopa kumkosea mume, naogopa kumpoteza mtoto. Je, nimpeleke kimyakimya? Na kama kweli mna nguruwe, nitapata dhambi?"

JIBU: Waalaykumu ssalaam, dadangu. Umetaja hofu tatu: Mungu, mume, mtoto. Nitaanza na ya mwisho, kwa sababu hizo mbili nyingine zinaweza kungoja mazungumzo na hii haingoji.

Surua, ambayo wenzetu wa bara huiita ukambi, huenea kwa hewa. Mgonjwa akikohoa chumbani kisha akatoka, virusi hubaki vikielea hadi saa mbili, na anayeingia baada yake huvivuta. Mgonjwa mmoja akiwa kati ya watu wasio na kinga huambukiza watu 12 hadi 18. Tena huanza kuambukiza siku nne kabla vipele havijatoka, wakati nyumba nzima inadhani ni mafua. Pima hayo na vichochoro vya Langoni, na vyumba vya madrasa, na boti ya Mtangawanda, gati ya kisiwa cha Pate, iliyojaa hadi ukingoni, kisha usiku wa Maulidi. Ndiyo maana kumfungia mtoto ndani ukisikia surua imefika hakusaidii sana. Wakati habari inakufikia, ugonjwa wenyewe huenda ulishapita mlangoni siku kadhaa nyuma.

Kwa nini miezi tisa? Mtoto huzaliwa na kinga aliyoipata kwa mama yake tumboni, nayo hupungua mwezi hadi mwezi. Ukimchanja mapema mno, kinga ya mama hukiua kile kirusi dhaifu kilichomo kwenye chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza kitu. Ukichelewa, kinga ya mama imekwisha na mtoto yuko wazi. Miezi tisa ni maafikiano kati ya hatari hizo mbili. Dozi hii ya kwanza hukinga watoto wapatao 85 kati ya 100, na ile ya pili ya miezi 18 huwafikisha karibu 97. Mwili huhitaji kama wiki mbili kujenga kinga, kwa hiyo dozi ya siku moja kabla ya Maulidi haitamfaa kitu usiku huo. Ila ukweli mwingine ni huu: mtoto aliyekwisha kukaa karibu na mgonjwa, akichanjwa ndani ya saa 72, mara nyingi ugonjwa huzuilika au humjia kwa unyonge. Pakiwa na mlipuko, hata watoto wa miezi sita huchanjwa; dozi hiyo haihesabiwi, na zile za miezi 9 na 18 zinabaki palepale.

Wapo wazee watakaokwambia surua ni ugonjwa wa kila mtoto, hupita. Kwa wengi hupita kweli. Ambao haukuwapita ndio waliozikwa, kwa nimonia na kuhara, na wengine wamebaki vipofu. Kama mgonjwa mmoja kati ya 1,000 huvimba ubongo. Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba surua hufuta kumbukumbu ya kinga: mtoto aliyekwisha kujifunza kupigana na vijidudu vingine husahau sehemu ya aliyojifunza, na kwa miezi mingi baadaye huugua maradhi ambayo hakupaswa kuyaugua. Mtoto akifa kwa nimonia miezi sita baada ya surua, hakuna anayeitaja surua matangani.

Sasa nije kwenye shaka. Sikubaliani na wanaowaita watu wa Lamu wajinga kwa sababu hawamwamini kila mtaalamu anayeshuka gatini na faili kwapani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari. Mwaka 2019 leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu ikafutwa na baraza la mashauri ya mazingira (National Environment Tribunal), kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Faili za wataalamu zilikuwepo, na wenyeji waliozitilia shaka wakashinda. Lakini angalia shaka ile ilivyofanya kazi. Haikuishia barazani kwenye kahawa. Watu waliitisha ripoti, wakaisoma, wakapeleka mashahidi na hoja mbele ya waamuzi ambao wangeweza kuwaambia "mmekosea". Ilikuwa shaka iliyokubali kupimwa. Ya mgombea wako hakuna karatasi wala kipimo kitakachoitosheleza, na hilo pekee lingekutosha kumtilia shaka yeye. (Ukikutana naye, muulize kwa adabu kama wanawe wana kadi za kliniki. Jibu huwa la kufurahisha.)

Basi tupime.

Ustadh hakusema uongo mtupu, na wanaokwambia "hakuna kitu cha nguruwe kabisa" wanakukosea heshima. Mafuta hamna. Lakini chanjo nyingi za virusi hai vilivyodhoofishwa huwekwa gelatini, ambayo ni protini inayotolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe. Kazi yake ni kukilinda kirusi dhaifu kisife kinapokaushwa kuwa unga na kinaposafirishwa. Pia kiwandani hutumika tripsini, kimeng'enya kinachotoka kwenye kongosho la nguruwe, ili kuzibandua seli kwenye chombo zinamokuzwa; baadaye husafishwa, haimo kama kiungo. Na ili usije ukaambiwa na mwingine ukashtuka: sehemu ya rubela, ugonjwa mwingine unaokingwa na sindano hii hii, hukuzwa ndani ya seli zilizozalishwa kutoka kwa kijusi kimoja miaka ya 1960. Hazichukuliwi upya kwa kijusi kingine. Vatikani nayo, ambayo ina ukali wake katika jambo hili, iliandika mwaka 2020 kuhusu chanjo za Covid-19 zilizotumia seli za namna hiyo kwamba zinaruhusiwa pasipo na nyingine.

Upande wa hukumu ya dini mimi ni mtu wa tiba, si mufti. Naweza kukueleza wanazuoni walipofika, ili umuulize ustadh swali lililonyooka. Mwaka 1995 wanazuoni na matabibu walikutana Kuwait wakasema kitu najisi kikigeuka dhati yake kabisa kuwa kitu kingine, kama gelatini, hukumu yake hubadilika. Hiyo ni hoja ya istihala. Ustadh wako akiwa mjuzi atakujibu, na atakuwa na haki, kwamba sisi wa pwani ni Mashafii na madhehebu yetu huibana sana istihala. Ngozi ya nguruwe haitoharishwi hata kwa kuidabagha, yaani kuitengeneza kwa dawa. Sawa. Basi msibishane hapo, nendeni kwenye mlango wa pili, ambao madhehebu zote zinaujua: dharura, na aya ya 173 ya Suratul Baqara. Mwaka 2018 Baraza la Wanazuoni la Indonesia, nchi ya Mashafii kama sisi, lilikaa na swali hili hili kuhusu chanjo hii hii ya surua na rubela iliyotengenezwa India, na India ndiko hutoka sehemu kubwa ya zile zinazonunuliwa na UNICEF. Walichunguza, wakasema wazi kwamba vitu vya nguruwe vimetumika katika kuitengeneza, kwa hiyo asili yake ni haramu. Kisha wakaruhusu itumike, kwa sababu tatu: haja ya kulazimu ipo, iliyo halali na safi haijapatikana, na wataalamu wanaoaminika wameeleza hatari ya kuacha kuchanja. Wakaongeza kwamba siku itakapopatikana iliyo halali ruhusa hii itakoma. Hawakuficha kilichomo na hawakumwacha mtoto. Mpelekee ustadh hayo, umuulize: "Kati ya masharti haya matatu, ni lipi halijatimia hapa Lamu?" Akitaja moja, mtakuwa na jambo la kujadili.

Kuhusu dua, hakuna ugomvi. Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya dawa akasema jitibuni, kwani Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, isipokuwa uzee. Sayyidna Umar alipofika Sargh, njiani kwenda Sham, akaambiwa tauni imeingia Sham, akarudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza, "Unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu?" Akajibu kwamba wanatoka kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Na mahujaji wote wanaotoka Kenya, wakiwemo masheikh wetu, huchanjwa homa ya uti wa mgongo kabla ya safari, kwa kuwa Saudia haiwapokei bila cheti hicho. Sijasikia aliyeambiwa Hija yake imeharibika.

Hadithi ya kukata uzazi ina mizizi, na usipoijua mizizi utadhani ni wendawazimu tu. Tangu miaka ya 1970 kulikuwa na utafiti wa kweli, India na penginepo, na Shirika la Afya Duniani likishiriki, wa kutengeneza chanjo ya kuzuia mimba. Walichukua hCG, homoni ambayo mimba changa huitoa ili isitoke, wakaifunga kikemia kwenye protini ya pepopunda. Mwili ukiona protini ile ya kigeni, hushtuka na kuishambulia pamoja na homoni iliyobebwa mgongoni mwake. Ilihitaji sindano kadhaa, kinga yake ilififia baada ya miezi, na haikuingia katika chanjo za kawaida. Mwaka 2014 maaskofu wa Kikatoliki wa Kenya wakatangaza kwamba vichupa vya chanjo ya pepopunda walivyovipeleka maabara vimeonyesha hCG. Serikali na Shirika la Afya Duniani wakakana, na hoja yao ya msingi ilikuwa kwamba mashine za hCG zimeundwa kupima damu na mkojo. Ukizitilia maji ya chanjo yenye vihifadhi, zinaweza kutoa namba isiyo na maana. Hilo ndilo "walishathibitisha" la mgombea wako. Ni chanjo nyingine, ya wanawake wa umri wa kuzaa, na jambo lenyewe lilibishaniwa tangu siku ya kwanza.

Ya surua hupewa wavulana na wasichana, bara na pwani, Waislamu na wasio Waislamu, kutoka makasha yaleyale. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1980. Wasichana waliochanjwa miaka hiyo leo ni nyanya. Tazama wodi ya kina mama waliojifungua: wengi wao walichanjwa surua utotoni. Kama ni dawa ya kukata uzazi, ni dawa iliyoshindwa vibaya.

Swali la "kwa nini hii ni bure na panadoli hospitalini hakuna?" nalo ni halali kabisa, na mara nyingi ndilo huzaa hayo mengine. Jibu lake halina siri: ni mifuko miwili tofauti. Chanjo hulipiwa na serikali kuu pamoja na mfuko wa kimataifa wa Gavi, hununuliwa kwa mamilioni, na bei kwa dozi huwa ndogo. Dawa za kawaida hununuliwa na kaunti kwa bajeti yake. Uhaba wa panadoli ni wa kulalamikiwa kwa diwani, kwa sauti, na mtoto akiwa ameshachanjwa.

Kuna makosa ya kweli ya wakubwa ambayo lazima niyataje, kwani mumeo huenda ameyasikia nusunusu. Mwaka 2011 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilitumia kampeni bandia ya chanjo ya homa ya ini mjini Abbottabad, Pakistan, katika kumsaka Osama bin Laden. Mwaka 1996 kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya homa ya uti wa mgongo kwa watoto wa Kano, Nigeria, katikati ya mlipuko. Watoto 11 walikufa, mabishano ya ridhaa ya wazazi yakafika mahakamani, na mwaka 2009 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 75. Basi mwaka 2003 viongozi wa Kano waliposimamisha chanjo ya polio wakisema inatia ugumba, waliosikia walikuwa na sababu ya kuamini, na siasa za uchaguzi wa mwaka huo zikapuliza moto. Baada ya miezi kama 11 walikubali chanjo iliyotoka Indonesia, kwa Waislamu wenzao. Polio haikuwasubiri. Ilisafiri hadi nchi nyingi zilizokuwa zimeshaiondoa, ikapita Sudan na Saudia, na mwaka 2005 ikawapooza watoto huko huko Indonesia. Waliotendewa ubaya ni watoto wa Kano, na waliolipia hasira ya ubaya huo ni watoto tena.

Na siasa hugeuka. Jirani zetu Tanzania waliambiwa mwaka 2020 kwamba papai na mbuzi wamekutwa na korona, na Januari 2021 kwamba chanjo hazifai na ni za mabeberu. Julai mwaka huohuo rais mpya akachanjwa hadharani na kuwahimiza wananchi wamfuate. Kirusi hakikubadilika kati ya miezi hiyo.

Hofu ya nne hukuiandika, lakini mimi naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote: je, sindano yenyewe iko salama mkononi mwa anayeichoma? Hapa makosa huua. Julai 2018 huko Samoa, nchi ya visiwa huko Pasifiki, wauguzi walichanganya unga wa chanjo ya surua na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake. Watoto wachanga wawili walikufa. Chanjo ikasimamishwa kwa miezi, watu wakaogopa, na waliochanjwa dozi ya kwanza wakashuka hadi 31 kati ya 100. Mwaka uliofuata surua iliingia. Nchi yenye watu wapatao 200,000 ilizika watu 83, wengi wao wa chini ya miaka mitano. Serikali ilifunga nchi siku mbili, na nyumba zenye asiyechanjwa zikaambiwa zitundike kitambaa chekundu mlangoni ili wachanjaji wazijue. Sudan Kusini, Mei 2017, watoto 15 walikufa kwa sababu bomba moja la kuchanganyia lilitumika siku nne na chanjo haikuwekwa kwenye baridi. Katika visa vyote viwili chanjo ilikuwa nzima. Kilichoua ni mkono.

Kwa hiyo elekeza macho yako mkononi. Kabla haijachanganywa, omba kuona kichupa. Kina duara la rangi na ndani yake mraba. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijapata joto la kuiharibu. Ukilingana na duara au ukiwa mweusi zaidi, haifai. Kwa chanjo inayosafiri kwa boti kwenye jua letu, alama hiyo ndogo ina thamani kuliko hotuba yoyote. Soma tarehe ya mwisho. Maji ya kuchanganyia lazima yawe ya kiwanda kilekile cha unga, nayo yawe yamepoa. Kichupa kikishachanganywa hutumika ndani ya saa sita, kikiwa baridini, kisha hutupwa hata kikiwa na dozi. Muulize muuguzi kimechanganywa saa ngapi, huwa wameandika. Kwa kuwa kichupa kimoja mara nyingi kina dozi 10, zahanati ndogo hupanga siku maalumu ya surua ili zisimwagwe, kwa hiyo ulizia siku hiyo kabla hujapanda boti au punda. Sindano itoke kwenye pakiti mpya mbele yako. Hizi hujifunga zenyewe baada ya kusukumwa mara moja, haziwezi kuvuta tena. Dozi ni nusu mililita, chini ya ngozi ya mkono, juu ya kiwiko. Mwombe aandike namba ya toleo kwenye kijitabu chako. Muuguzi mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Akikasirika, uliza vilevile.

Mafua, kikohozi au homa ndogo si sababu ya kuahirisha. Sababu za kweli ni chache: mzio mkali uliotokea kwa dozi iliyopita au kwa gelatini au neomisini, au mtoto ambaye kinga yake imeshuka mno, kwa mfano anayetibiwa saratani. Mwenye mojawapo ya hayo aonwe na daktari kwanza. Kaeni nusu saa zahanati baada ya sindano. Mzio mkali hutokea kwa watoto wachache mno katika milioni, nao hujitokeza upesi, mahali penye dawa yake.

Kisha weka alama kwenye kalenda, maana hapa ndipo uvumi huzaliwa. Homa ya chanjo hii haiji usiku uleule. Huja kati ya siku ya 7 na ya 12, kwa watoto 5 hadi 15 kati ya 100, na wachache hupata vipele hafifu. Asiyejua hilo husema mtoto "ameambukizwa na sindano". Mpe parasetamoli ya maji, mililita 5 za ile ya miligramu 120 kwa mililita 5, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku, nyonyesha sana. Asipirini usimpe. Kama mtoto mmoja kati ya 3,000 hupata degedege la homa. Linatisha, kwa kawaida haliachi madhara, lakini mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Tuje kwa mumeo. Sheria za kliniki hazidai saini yake. Mtoto akiletwa na mama huchanjwa. Lakini ukianza kwa siri utakuwa umemthibitishia kwamba chanjo ni jambo la kufichwa, na dozi ya miezi 18 bado iko mbele. Mwanzo mzuri unao nyumbani: wakubwa wawili walichanjwa naye akajua. Muulize, faraghani na si mbele ya mamake, "Ni kitu gani kilichobadilika tangu wale?" Msikilize amalize. Kisha, "Ukionyeshwa nini utaridhika?" Akisema fatwa, nendeni pamoja kwa imamu mnayemwamini na yale masharti matatu. Akisema kichupa, mpe kazi ya kukikagua: yeye ashike mtoto, yeye atazame mraba. Wanaume wengi wanaokataa barazani hulainika wakipewa jambo la kulinda. Usimletee video za kumshinda ustadh. Atamtetea ustadh hadi alfajiri.

Mpe siku tatu, usimpe wiki tatu. Muuguzi wa hospitali ya King Fahd au mhudumu wa afya wa mtaa wenu atakwambia kama surua ya Pate ni ya kweli au ni ya maneno. Ikithibitishwa na bado anasema hapana, rai yangu ni mpeleke mtoto, na umwambie mumeo jioni ileile kwa kinywa chako. Kama unajua kwamba kumwambia kutakuletea kipigo, hilo ni jambo jingine na lina msaada wake: mwambie muuguzi mkiwa wawili tu, au piga 1195, namba ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, ni bure.

Na kama surua itamtangulia sindano, usimfiche mtoto ndani ya chumba chenye giza. Homa, macho mekundu, makamasi na kikohozi, kisha vipele vinavyoanzia usoni na nyuma ya masikio: mpeleke zahanati, ukipiga simu kwanza ili asikae kwenye foleni na watoto wengine. Huko apewe vitamini A, vizio 100,000 kwa umri wake, siku mbili mfululizo. Ndiyo inayookoa macho. Kombe, yaani aya zilizoandikwa na kuoshwa kwa maji anywe, likiwa la maji safi halina ugomvi na hayo. Asali na habasoda ngoja hadi atimize mwaka, maana asali inaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho, tumboni mwa mtoto wa chini ya mwaka, hutoa sumu ya kulegeza misuli. Machoni usitie kitu chochote cha nyumbani. Usisubiri asubuhi ukiona anapumua mara 50 au zaidi kwa dakika, mbavu zinabonyea, hanyonyi, anatapika kila kitu, amelegea, ana degedege, au kioo cha jicho kimeingia ukungu. Hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia, si akilia. Kama uko kisiwa kingine, ulizia nahodha na maji ya kujaa mapema, kwa sababu njia ya bahari ya Mkanda haipitiki kila saa.

Kijitabu cha kliniki kiweke ndani ya mfuko wa plastiki. Utakihitaji tena akifika miezi 18.